Bafle za mlangoni na historia iliyoniokolea minerval



Wengi munanijua: nilimaliza historia, na leo niko naendesha taksi ya mjomba hapa Lubumbashi. Juzi bafle mbili za milango ya mbele zilianza kukwaruza. Ukipandisha muziki kidogo tu, sauti inapasuka kama mtu anayekohoa ndani ya ndoo. Muuzaji mmoja akaniambia: "Grand, hizi zimekufa. Leta dola 60, nakuwekea mpya." Dola 60 ilikuwa karibu nusu ya pesa niliyoiweka kwa minerval ya dada yangu. Nikarudi nyumbani na swali tulilofundishwa auditoire: kitu hiki kimetoka wapi?

Mwaka 1925, wahandisi wawili wa General Electric kule Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza namna ya bafle ambayo tuko nayo mpaka leo: bobini ya waya imekaa katikati ya sumaku, umeme ukipita inasukuma koni ya karatasi mbele na nyuma. Miaka 100 hivi imepita, kanuni ni ile ile. Koni lazima iwe nyepesi, na ukingo wake lazima uwe laini ili ucheze. Njo pale udhaifu unaingilia.

Mwaka 1930, Paul Galvin wa Chicago alitoa redio ya gari yenye jina Motorola. Bei yake ilipita dola 100, wakati Ford Model A mpya ilipatikana chini ya dola 600. Redio ilikuwa kitu cha matajiri! Lakini bafle yake ilikuwa moja tu, ndani ya sanduku lake, mahali pakavu. Mlangoni hapakuwa kitu. Ni stereo ilipoenea katika magari, miaka ya 1970, ndipo ikatakiwa sauti ya kushoto na ya kulia, na mlango ukapewa kazi ya pili.

Mlango haukuzaliwa kuwa sanduku la sauti. Mvua inateremka na kioo, inapita ndani ya mlango, inatokea matundu ya chini. Kwa hiyo viwanda viliweka nailoni kati ya bati na pambo la ndani. Tena bafle nyingi zikapewa ukingo wa sponji, ambayo inaoza kwa unyevu na joto. Sasa fikirieni gari yetu: imezeeka kwanza Japani, ikapanda meli mpaka Dar es Salaam, ikavuka Zambia, ikaingia kwa Kasumbalesa, halafu ikakutana na mvua zetu na vumbi letu jekundu. Na siku moja fundi wa kioo alipasua ile nailoni, hakuirudisha. Maji yalikuwa yanaangukia bafle moja kwa moja.

Nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa redio, karibu na soko ya Kenya.

— Papa, hizi zimekufa?

Akasukuma koni ya kushoto pole pole kwa vidole viwili, akaweka sikio. "Sikia. Hakuna kukwaruza. Bobini iko muzima. Paka ukingo njo umepasuka."

Tukapaka kole nyeupe ya mbao kwenye mpasuko wa karatasi, na kipande cha karatasi laini juu yake, nyembamba sana, maana uzito unaharibu sauti. Kwenye ukingo, kitambaa chepesi na kole ya mpira isiyokauka ngumu. Tukaacha usiku mzima. Ya kulia ilikwaruza: bobini ilikuwa imeungua. Ile haikupona. Nilinunua ya okaziyo, ya ohm 4 kama mwenzake, dola 5. Nyumbani nikakata chambre ya baiskeli nikaiweka chini ya skrubu ili bati lisitetemeke, nikarudisha nailoni mpya. Yote pamoja, haikufika dola 10.

Kwa nini bobini iliungua? Redio yangu imeandikwa "50W x 4". Lakini betri ya gari ni volti 12, injini ikiwaka ni 14 hivi. Bila ampli ya pembeni, kila bafle inapata wati 20 hivi safi. Ukilazimisha volume na besi, redio yenyewe inakata sauti, na bafle inaumia. Nilikuwa nalaumu bafle, kumbe mkono wangu.

Kabla hamjatoa pesa, pelekeni balance kushoto, halafu kulia. Kama sauti mbaya iko pande zote na koni ni nzima, angalieni redio na nyaya zake. Mtu akisema "imekufa", muulizeni: ni sehemu gani imekufa?

Minerval ililipwa. Dada yuko auditoire.