Masanduku Yaliyopita Kilosa na Historia ya Roshani za Melini

Mwaka 1913, kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli, kisha kikaifumua. Vipande vyake vilitiwa katika masanduku yapatayo 5,000, vikaletwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye Reli ya Kati, ambayo ilifika Kigoma Februari 1914. Reli hiyo hupita Kilosa, hivyo masanduku hayo yalipita hapo. Ndiyo meli ya Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita MV Liemba. Kiwanda hichohicho sasa huunda meli za watalii ambazo ubavu wake umetobolewa roshani ndogondogo kama sega la nyuki, kila chumba na yake. Ukiziweka meli hizo za aina mbili pamoja, unaona jinsi mandhari, iliyokuwa ya abiria wote, ilivyokatwa vipande na kuuzwa chumba kwa chumba.

Zamani vyumba vingi vya abiria vilikuwa chini, karibu na maji. Huko fundi hawezi kuweka mlango wa kutokea nje, maana wimbi lingeingia ndani. Kilichowezekana ni kidirisha cha mviringo. Aliyetaka hewa alipanda sitahani na kuwakuta wenzake. Mwaka 1984 Royal Princess, iliyoundwa Helsinki, ilikuja na vyumba ambavyo vyote vilitazama nje, baadhi vikiwa na roshani. Vyumba vilipandishwa juu, mbali na mawimbi, na kumbi zikashushwa. Mwaka 2008 Papenburg ikatoa Celebrity Solstice, ambayo sehemu kubwa ya vyumba vyake ina roshani. Hesabu ya mwenye meli ni nyepesi: bahari haimgharimu kitu, lakini chumba kinachofunguka kuielekea kina bei kubwa kuliko kisicho na dirisha.

Waswahili hawakujifunza roshani kutoka melini. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, baraza iko chini na roshani iko juu, na zote mbili zinatazama mtaa. Aliye juu husikia yanayozungumzwa barazani, huitwa, hujibu salamu. Roshani ya melini imechukua umbo hilo na kumwacha jirani: kushoto kizuizi, kulia kizuizi, mbele maji. Wapo watakaosema kwamba faragha ni haki ya aliyelipa, na kwamba mgonjwa au mzee hupata upepo bila kupanda ngazi. Ni kweli. Watasema pia kwamba meli za zamani hazikuwa na usawa, kwani hata Liemba ilikuwa na madaraja ya abiria. Hilo nalo ni kweli. Lakini mashua za vijijini zilipoikaribia Liemba na kuleta abiria na mizigo, tukio lilitazamwa na meli nzima. Madaraja yaligawa vitanda. Roshani imegawa hata macho.

Mgawanyo huo haukuishia baharini. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, ina kambi ambazo kila hema lina kibaraza chake kinachotazama mbuga. Kwenye reli nako, kule Kilosa, madirisha ya treni ya zamani yalifunguka, na abiria akanunua chakula bila kushuka. Treni ya SGR (reli ya kisasa), inayopita Kilosa kuelekea Dodoma tangu 2024, ina kasi na kiyoyozi, na dirisha lake halifunguki. Hakuna wa kuilaumu, kwa kuwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa dirisha wazi lingekuwa adha. Hata hivyo, faida ya mwendo haifuti hasara ya soko la dirishani.

Imebaki barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, inayoikata hifadhi ya Mikumi katikati. Tembo akitokea, abiria wa kwanza kumwona hupaza sauti, na basi zima hugeukia upande mmoja. Hakuna aliyelipia dirisha hilo zaidi ya nauli yake. Aliye peke yake kwenye roshani ya melini, pomboo wakiruka mbele yake, atamwita nani?