Mwana wa Mhunzi: Habari za Ufundi wa Motakaa Mlali na Milima ya Uluguru

Wazee wetu walisema: Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake, mtoto aliyezaliwa penye moto na nyundo, hata kama mikono yake haijapata nguvu ya kupiga chuma, hana budi kushika mivukuto na kumsaidia baba yake. Neno hili ni la kale kuliko motakaa. Lakini atakaye kujua jinsi ufundi wa motakaa ulivyoingia katika nyumba za watu wa Mlali na wa milima ya Uluguru, hatapata mlango mwema kuliko huu wa kuingilia. Katika vitabu vya jubilei tumezoea kusoma habari za waliojenga nyumba, waliofundisha shule na waliotunza wagonjwa. Yafaa pia tuandike habari za wale waliolala chini ya magari, migongo yao mavumbini, ili wengine wote wafike waendako.

Kazi ya chuma si mgeni katika nchi hii. Huko Dakawa, kaskazini ya mji wa Morogoro, wachunguzi wa mambo ya kale walichimba wakakuta mabaki ya kazi ya chuma na ya vyungu, yenye umri upatao miaka elfu moja na zaidi. Jembe, shoka na mkuki vilitoka mikononi mwa watu waliojua mawe yapi yana chuma na moto upi watosha. Hawakuwa na kitabu. Mhunzi alimfundisha mwanagenzi kwa kumweka karibu, siku baada ya siku, hata jicho likajua rangi ya chuma kilichoiva. Tuyaweke haya moyoni, kwa maana tutayakuta tena mbele.

Zamani hizo kila mzigo ulipita juu ya kichwa cha mtu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo, na mbung'o wa nchi za chini waliwaua ng'ombe, farasi na punda, hata mkokoteni wa kukokotwa na wanyama usipate nafasi. Reli ya Wadachi iliyotoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Mwaka uo huo, tarehe 10 Agosti, afisa mmoja Mdachi, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na motakaa, akinuia kuvuka Afrika hata bahari ya magharibi. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, yaani baada ya miezi karibu 21. Mtu mwenye miguu mizima aliyeshika njia bila kupumzika angaliweza kumpita! Wala si ajabu, kwa kuwa motakaa haiendi kwa petroli peke yake. Yataka barabara, yataka vipande vya badala, na zaidi ya yote yataka fundi. Na mambo hayo matatu yalikuwa hayajawa tayari.

Vita vikaleta magari kwa nguvu. Mwezi wa Agosti mwaka 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilikuwa likilifukuza jeshi la von Lettow-Vorbeck, na hapa Mlali palipiganwa, siku chache kabla ya Waingereza kuingia Morogoro tarehe 26 Agosti. Wanyama wa jeshi walikufa kwa maelfu kwa ajili ya mbung'o, na malori yalizama matopeni mvua iliponyesha. Ndipo mzigo ukarudi tena kichwani mwa mpagazi. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo, kwa njaa, maradhi na uchovu, walikuwa makumi ya maelfu. Haifai mtu asifu motakaa bila kuwakumbuka watu hawa. Lori lililokuja baadaye katika vijiji vyetu lilipokea mzigo uliokuwa ukiua watu, na fundi anayeliweka lori hilo barabarani amesimama mahali pa wapagazi wengi.

Baada ya vita, katika miaka ya 1920 na 1930, malori ya wafanya biashara yalianza kutembea Tanganyika, na katika mashamba ya mkonge zilijengwa karakana. Mafundi wengi wa kwanza walikuwa Makalasinga na Wahindi wengine. Kijana Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma: alikuwa utingo, kazi yake kupakia, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, kuteka maji ya rejeta na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Lakini macho yake yalikuwa wazi. Alihesabu nati zilizofunguliwa, akakumbuka ipi ilitoka wapi. Motakaa za wakati ule zilimrahisishia. Ford aina ya Model T, iliyoundwa Marekani tangu 1908 hata 1927, nayo ikapita hesabu ya 15,000,000, ilifanywa kwa namna ambayo mkulima mwenye spana chache aliweza kuitengeneza mwenyewe. Chombo kilichoundwa hivyo hakimfichi mtu siri zake.

Vita vya pili vilizidisha wanafunzi. Tangu 1939 hata 1945 watu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini. Wako walioendesha na kutengeneza malori huko Uhabeshi, Bukini na Burma, nao waliporudi walileta ujuzi ambao hakuna afisa aliyeweza kuwanyang'anya pamoja na sare. Mara ikaja kazi kubwa ya karanga huko Kongwa, iliyoanza 1947 ikavunjika 1951. Karanga hazikupatikana kama ilivyotumainiwa, na fedha nyingi zilipotea. Lakini matrekta na malori yale yalihitaji watu wa kuyatengeneza, na mikono iliyojifunza huko haikusahau.

Sasa tutazame njia yetu wenyewe. Atokaye Morogoro kwa barabara ya Iringa huiacha barabara kuu penye Sangasanga, akapita Mlali uwandani, kisha akaanza kupanda kwenda Mgeta, Langali na Nyandira. Huko juu kuna baridi, na mboga hustawi: kabichi, karoti, njegere na viazi. Mboga hizo zateremka kwenda Morogoro na Dar es Salaam, na Waluguru wamejulikana tangu zamani katika biashara ya mboga ya soko la Kariakoo. Lakini kabichi haingoji. Gari likikatika ekseli njiani wakati wa masika, jasho la mwaka mzima laweza kuoza katika magunia kwa siku chache. Kwa hiyo mkulima wa mlimani na fundi wa uwandani wamefungwa kamba moja.

Gari lililoishinda milima hii zaidi ya mengine ni Land Rover. Lilionyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Bodi yake ilifanywa kwa alumini, kwa kuwa chuma cha pua kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, na kwa sababu hiyo kutu haikuila upesi. Katika magari yale ya zamani dereva alikuwa na fimbo mbili ndogo karibu na gia: ya kichwa cha manjano ya kuyafanya magurudumu yote manne yavute, na ya kichwa chekundu ya kushusha gia zote ziwe za nguvu. Mlima ulimfundisha fundi kazi yake. Mpando huchosha klachi na kuchemsha maji ya rejeta; mawe huvunja springi; na mteremko hujaribu breki, yaani hujaribu uhai wa watu.

Hapo penye breki nataka tukae kidogo. Breki za namna hii hufanya kazi kwa mafuta yaliyojaa katika bomba. Hewa ikiingia, pedeli huzama kama mguu uliokanyaga pamba, na gari halisimami. Kuitoa hewa hiyo yataka watu wawili. Mmoja huketi juu penye usukani, hukanyaga pedeli mara kadhaa, kisha huishika pale chini. Mwingine, aliye chini ya gari, hufungua nati ndogo penye gurudumu, mafuta na mapovu yakatoka. Naye huifunga kabla mwenziwe hajaachia. Hurudia hivyo gurudumu kwa gurudumu, hata mapovu yaishe. Kazi ya juu haitaki ujuzi. Yataka utii na masikio. Kwa hiyo katika gereji nyingi ni kazi ya mtoto. Baba yu chini, haonekani, asikika sauti tu: kanyaga, shika, achia. Hivyo mwana wa fundi avukuta, sawasawa na mwana wa mhunzi wa kale. Naye hujua, hata bila kuambiwa, ya kuwa akiachia mapema hewa itarudi ndani, na kesho gari lile litateremka Mgeta likiwa na mama zake na shangazi zake.

Kutoka hapo hupanda daraja kwa daraja. Huonyeshwa plagi iliyotolewa katika injini: nyeusi yenye masizi, petroli yazidi, nyeupe kama majivu, petroli yapungua na moto umekuwa mkali, rangi ya kahawia, injini ni nzima. Hufundishwa kukaza nati za gurudumu kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, wala si kwa kuzunguka, ili gurudumu likae sawa. Mwisho hufundishwa lililo gumu, nalo ni kusikiliza. Fundi mzee aweza kuketi kivulini, akasikia gari lapita, akasema kitakachovunjika. Elimu hii haiandikiki kwa urahisi, na ndiyo sababu yapita vizuri nyumbani, ambako mtoto huisikia injini tangu hajaweza kutamka jina lake.

Lakini hapa Uluguru jambo hili lina maana yake ya pekee. Kwa desturi ya Waluguru ukoo hufuatwa upande wa mama, kama wasemavyo Waswahili, mwana hufuata kisogo cha nina. Ardhi ni ya ukoo. Baba aweza kuwapa wanawe mahali pa kulima, lakini kwa asili shamba lile ni la ukoo wa mama yake yeye, nalo huelekea kwa watoto wa dada zake. Mjomba ana sauti kubwa. Baba, kwa habari ya urithi, ana sauti ndogo. Basi fikirini: baba atakaye kumwachia mwanawe kitu ambacho hakuna kikao cha ukoo kitakachokirudisha, atampa nini? Sanduku la spana laweza kugombaniwa matangani kama jembe na kitanda. Ujuzi wa mikono haugombaniwi. Baba aweza kumpa mwanawe wote, na akampa mpwa wake wote vilevile, wala hakuna apunguziwaye. Kwa hiyo ufundi waweza kuwapatanisha wawili ambao shamba huwatenga, mwana na mpwa, wakilala chini ya gari moja.

Nyakati ngumu zilionyesha thamani ya urithi huo. Mafuta yalipanda bei ulimwenguni mwaka 1973 na tena 1979, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha ya nchi, na katika miaka ya kwanza ya 1980 spea zilikuwa adimu kama chumvi jangwani. Gari lililoharibika lingaliweza kulala mwaka. Ndipo gereji za chini ya miti, zile ziitwazo gereji bubu, zilipofanya kazi ya kiwanda: gasketi ilikatwa katika karatasi ngumu, springi iliyovunjika ikafuliwa upya kwa moto na nyundo, magari mawili yaliyokufa yakazaa moja lililo hai. Mafundi wakawa wahunzi tena. Baada ya 1984 bidhaa za nje zilianza kurudi madukani, lakini aliyejifunza katika uhaba hakutupa kitu upesi.

Leo hatari ni nyingine. Mwezi wa Januari 2016 huko Solihull, Uingereza, ilikomeshwa kazi ya kuunda Land Rover za ukoo ule wa 1948. Magari mapya yana kompyuta ndani yake, na sikio la mzee halisikii kosa lililo katika waya. Tena kijana aliyefundishwa na baba yake hana cheti, na mwenye kazi hukiuliza cheti kwanza. Kwa hili pana msaada: VETA, iliyowekwa kwa sheria ya 1994, huwapima mafundi waliojifunza nje ya shule na kuurasimisha ujuzi wao. Wasichana nao wameingia katika madarasa ya ufundi wa magari, nao ni haki yao. Kwa maana katika nchi ambayo ukoo hupita kwa mama, itakuwa vioja kudhani ya kuwa spana haiwezi kupita kwake.

Basi, ninyi wazazi mlio mafundi, msimfukuze mtoto asimamaye karibu na gari akiuliza maswali. Mpeni pedeli aikanyage. Nanyi vijana mnaojua kompyuta, msiyacheke masikio ya wazee. Ketini nao kivulini mngali na nafasi, mwulize kila sauti maana yake, na mkiweza mwandike. Kompyuta itakuambia ni gurudumu lipi lenye kosa. Lakini kabla gari halijapanda Mgeta, mtu mmoja bado atalala chini yake, na mwingine, aliye mdogo, ataketi juu akingoja kuambiwa: shika.