Njaa na uchu

Njaa hukaa tumboni. Uchu huingia kwa pua. Umeshiba, jirani anakaanga samaki, mate yanakujaa: huo ni uchu, na wanasayansi wa maabara wanalihitaji sana neno hilo. Tangu 1935, Clive McCay wa Cornell alipoonyesha kwamba panya waliopunguziwa chakula huishi zaidi, tumekuwa tukihesabu matonge tu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwapunguzia nzi wa matunda chakula, kisha wakawanusisha hamira. Chakula hakikuongezwa, lakini sehemu ya umri waliouongeza kwa kula kidogo ilipotea. Kwa harufu! Katika minyoo ya maabara pia, habari ya harufu ya chakula hupitishwa na serotonini na dopamini, kemikali zilezile zilizomo ubongoni mwetu. Tusiandike “njaa” pale penye uchu.