Nyumba Huishi kwa Watu Wake

Leo nataka kuwazungumzia habari za nyumba za kale, na njia moja ya kuziokoa zisianguke. Nitaanzia Chole, kisiwa kidogo cha Mafia ambacho mtu hukivukia kwa mashua kutoka Utende.

Mtu akishuka Chole hakawii kuona kuta za mawe zilizokumbatiwa na mizizi ya miti. Hapo palikuwa makao makuu ya Mafia. Mji wa Kua, katika kisiwa jirani cha Juani, ulipovamiwa na Wasakalava wa Bukini katika karne ya 19, Chole ilishika nafasi yake chini ya Sultani wa Unguja. Mwaka 1890 Mafia iliingia katika mamlaka ya Wadachi, nao wakaweka boma lao huko huko Chole. Lakini mwaka 1913 walihamishia makao yao Kilindoni, mahali palipofaa zaidi kwa meli. Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia, wala Chole haikurudishiwa cheo chake.

Tusidhani kwamba nyumba ya mawe huangushwa kwa mizinga tu. Nyumba zetu za pwani hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Mvua ikipata tundu juu, boriti huoza, na dari huanguka. Kisha maji huingia ndani ya ukuta kutoka juu, na chokaa hulegea. Ndege na popo huleta mbegu, mti huota katika ufa, na mizizi yake huupanua ufa ule mwaka hata mwaka. Aishiye ndani ya nyumba huliona tone la kwanza, akapanda juu kuziba. Nyumba isiyo na mtu haina wa kuliona tone hilo. Ndipo wazee waliposema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa natutazame majengo yaliyopata bahati nyingine. Ngome ya Lamu ilianza kujengwa yapata mwaka 1813, ikamalizika yapata 1821. Toka 1910 hata 1984 ilikuwa gereza. Kisha ilikabidhiwa idara ya makumbusho ya Kenya, ikatengenezwa, na leo ndani yake mna makumbusho na maktaba, na watu wa mji hukutana humo kwa shughuli zao. Mahali palipofungiwa watu, sasa kijana huingia kwa hiari yake kusoma kitabu.

Kadhalika Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwashinda Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Imekuwa gereza, ikawa karakana ya reli, na mwaka 1949 ua wake ukawa kiwanja cha wanawake cha mchezo wa tenisi. Siku hizi watu hukusanyika humo kutazama ngoma, michezo na filamu. Dar es Salaam nako, Boma la Kale lililojengwa zamani za Sultani Majid, yapata 1866, limetengenezwa, na tangu 2017 limekuwa mahali pa kuonyesha historia ya majengo ya mji ule. Kazi zilibadilika, kuta zikadumu.

Lakini kazi mpya yataka adabu. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji na kuyatoa tena, na chokaa huuacha upumue. Anayeupaka saruji huyafungia maji na chumvi ndani, na baada ya muda lipu hubambuka pamoja na jiwe lenyewe. Tena, nyumba haifai kupewa kazi isiyoiweza, wala kazi isiyohitajiwa na wenyeji. Yapasa kuuliza kwanza: nani atakayeshika ufunguo, na nani atakayepanda juu kabla ya masika?

Sisemi kwamba kila gofu liezekwe. Kua na ibaki gofu, wageni na wanafunzi wakajifunze humo. Na wala mtu asing'oe mawe yake, kwa maana sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 huyalinda magofu ya namna hiyo. Nasema habari za zile nyumba za zamani zilizo bado na mapaa yao: ghala tupu, shule iliyohamwa, nyumba ya liwali wa zamani. Hizo zaweza kuwa chumba cha kusomea, darasa la watu wazima, au mahali pa baraza la kijiji.

Basi, mkiwa na nyumba ya namna hiyo kijijini kwenu, msingoje ifike hali ya Chole. Kutaneni, mchague kazi yake, na kabla ya yote mzibe paa. Anayelaza mkeka wake ndani ya nyumba ndiye mlinzi wake wa kwanza.