Mito, Madaraja na Taa: Mizizi ya Kihistoria ya Udhibiti wa Magari Jijini Arusha

Taa za barabarani zinazojirekebisha kulingana na wingi wa magari huchukuliwa kwa kawaida kuwa suala la mitambo. Historia ya Arusha inaonesha kuwa suala hilo hutanguliwa na umbo la mji wenyewe.

Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwishoni mwa karne ya 19, chini ya Mlima Meru, katika eneo linalokatwa na mito inayoteremka kuelekea kusini, ikiwemo Themi na Naura. Reli kutoka Moshi ilifika mwaka 1929, na biashara ikazidi kujikusanya katikati ya mji, huku makazi ya Waafrika yakikua upande wa magharibi, Kaloleni na Ngarenaro. Kwa hiyo, safari za mashariki na magharibi zilirithi madaraja machache.

Mifumo ya SCATS ya Sydney na SCOOT ya Uingereza, iliyobuniwa katika miaka ya 1970, hutumia vihisio kupima magari, kisha kompyuta hugawa muda wa taa na kuoanisha makutano yaliyo jirani. Hata hivyo, mfumo wa namna hiyo hugawa nafasi iliyopo; hauongezi nafasi. Taa ya kijani haina faida endapo daraja lililo mbele limejaa.

Kazi hiyo ya kukadiria foleni hufanywa pia na askari wa usalama barabarani kwa macho na ishara za mkono. Askari humwona mtembea kwa miguu ambaye kihisio cha magari hakimhesabu. Lakini haoni foleni inayoanza kwenye makutano ya pili.

Serikali ilijibu msongamano kwa kuongeza barabara: upanuzi wa Sakina–Tengeru, kilomita 14.1, na barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4, iliyozinduliwa Julai 2022. Mchepuo huo unafaa malori ya masafa marefu. Abiria wa daladala, mwendesha bodaboda na mchuuzi aendaye sokoni bado hupita katikati ya jiji.

Hivyo basi, taa zinazojirekebisha zitaisaidia Arusha iwapo tu zitawahesabu watu pamoja na magari, na iwapo vivuko vya mito vitaongezwa. Vinginevyo, mtambo mpya utasimamia kwa ustadi mkubwa ufinyu ule ule wa zamani.