Pingili ya kwanza ya shingo

Mwaka 1920, miaka 25 baada ya Wilhelm Röntgen kugundua miale ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, daktari mpasuaji wa Uingereza, Geoffrey Jefferson, alieleza jinsi atlasi, pingili ya kwanza ya shingo, inavyovunjika. Pingili hiyo ni mfano wa pete: mtu apigapo mbizi katika maji ya kina kifupi na kugonga utosi, pete hupasukia nje. Kwa hiyo ugwe wa mgongo mara nyingi husalimika, na majeruhi aweza hata kutembea. Hapo ndipo penye hatari. Picha ya kawaida ya mbele haimfichui, kwa kuwa taya na meno huikinga pingili. Mpiga picha humlaza chali, akamwambia afumbue kinywa, bila kuigeuza shingo hata kidogo.