Jalada la santuri: Jinsi karatasi ndogo ilivyomtambulisha msikilizaji kwa muziki wake

Katika vibanda vya miji ya mpakani, kuanzia Busia na Masafu hadi Tororo, mashariki mwa Uganda, muziki huuzwa leo bila kasha. Muuzaji huchomeka kadi ya simu kwenye kompyuta, hunakili nyimbo alizoombwa, na mteja huondoka na sauti isiyo na picha wala jina la mtunzi.

Vizazi vilivyotangulia vilinunua muziki wenye sura. Sura hiyo ilisanifiwa kwa kumlenga msikilizaji mahususi, na kupotea kwake kuna athari kwa wanamuziki wenyewe.

Kwa nini kibandiko kilitosha?

Santuri nyingi zilizouzwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa ndogo, za inchi 7, zikizunguka mara 45 kwa dakika. Mara nyingi wimbo mmoja uligawanywa sehemu mbili, moja kila upande. Nairobi ndiyo iliyokuwa kitovu cha kurekodi na kufyatua santuri hizo, na wanamuziki wa Uganda na Tanzania pia walitegemea studio na viwanda vyake.

Santuri hizo kwa kawaida hazikuwa na jalada la picha. Zilitiwa katika bahasha ya karatasi yenye tundu la mviringo katikati, ili kibandiko cha santuri kionekane. Hapo mnunuzi alisoma jina la lebo, bendi, wimbo na mtunzi, na mara nyingi pia lugha au mdundo.

Mpangilio huo ulipunguza gharama, lakini pia ulimfaa mnunuzi. Aghalabu alikuwa ameshausikia wimbo redioni. Alichotaka dukani ni uhakika kwamba santuri ndiyo hiyo. Katika eneo ambalo Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka, Iteso vilevile, na ambako Kidhopadhola cha Tororo kina undugu na Kijaluo cha Kenya, mstari mmoja wa kutaja lugha uliweza kumwambia mteja kwamba muziki huo ni wake.

Lebo iliyozaa jina la muziki

Nguvu ya kibandiko inaonekana wazi katika safari ya benga. Katika miaka ya 1970, mfanyabiashara wa Kenya Phares Oluoch Kanindo alisambaza santuri za benga hadi kusini mwa Afrika, zikiwemo zilizobeba majina ya lebo Kanindo na Sungura. Wasikilizaji wa nchi ambayo sasa ni Zimbabwe wengi wao hawakuelewa Kijaluo. Walichoshika ni midundo ya gitaa na jina lililoandikwa kwenye kibandiko. Wakauita muziki huo kanindo, na baadaye sungura likawa jina la mtindo wao wenyewe, unaopigwa hadi leo.

Santuri kubwa na hadhira mbili

Santuri ya inchi 12 ilileta nafasi ya picha na maelezo. Baada ya Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki mashuhuri wa Morogoro, kufariki katika ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, kampuni ya Polygram ilitoa nyimbo zake katika mfululizo wa albamu ulioitwa Ukumbusho. Neno hilo moja lilimgusa shabiki aliyefiwa, na nambari za mfululizo zikamwalika akusanye nakala zote.

Hadhira ilipobadilika, jalada nalo lilibadilika. Mwaka 1989, lebo ya Earthworks ya Uingereza ilitoa albamu ya D.O. Misiani na Shirati Jazz kwa jina la Kiingereza, Benga Blast! Mnunuzi wa Kisumu hakuhitaji kuelezwa benga ni nini. Yule wa London alihitaji neno hilo liwe usoni kabisa, kwa kuwa alikuwa akinunua aina ya muziki kabla ya kumjua mwimbaji.

Kanda, stempu na haki

Kanda ya kaseti, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilirahisisha usikilizaji na wizi kwa pamoja. Jalada la kanda lingeweza kurudufiwa kwa mashine ya fotokopi kama sauti ilivyonakiliwa. Ndipo jalada likapewa kazi mpya, ile ya kuthibitisha uhalali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 iliweka utaratibu wa kibandiko maalumu cha kuzuia uharamia. Tanzania ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu mwaka 2013. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006.

Kinachopotea simuni

Katika majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni, jalada limerudi likiwa picha ya mraba, ndogo kuliko kibandiko cha zamani. Wasanifu hulazimika kutumia uso mmoja, rangi kali na herufi chache.

Lakini faili inayonakiliwa kibandani mara nyingi hukosa hata picha hiyo, na wakati mwingine hubaki na nambari tu. Msikilizaji wa Masafu anaweza kuupenda wimbo kwa miaka mingi bila kujua nani aliutunga, na mtunzi asiyejulikana ni vigumu kumwalika jukwaani au kumlipa haki yake. Kibandiko cha santuri, pamoja na udogo wake, kiliwataja wote wawili: mwimbaji na mtunzi.